Kiti cha Mwenyekiti: Wanafunzi na Uongozi wa Mjadala katika Mikutano ya Kuigiza Diplomasia

Utangulizi

Katika mkutano wa kuigiza Umoja wa Mataifa, mtu wa kwanza kusema huwa si balozi wa nchi yoyote. Ni mwanafunzi aliyeketi mbele ya ukumbi, mwenye nyundo ndogo mkononi na orodha ya wasemaji mezani. Ndiye anayefungua kikao, anayempa mjumbe ruhusa ya kusema na anayeiondoa ruhusa hiyo muda unapokwisha. Ndiye pia anayeamua iwapo hoja ya utaratibu ina uzito, na anayetangaza kwamba rasimu ya azimio imepita au imeanguka. Hawakilishi dola, hapigi kura, wala hatarajiwi kuwa na maoni. Hata hivyo, hakuna mjumbe ukumbini anayeweza kusikika bila yeye.

Aghalabu mikutano hii huelezwa kwa kumtazama mjumbe: anavyojifunza kutetea msimamo usio wake, kuandika rasimu na kutafuta waungaji mkono. Mwenyekiti huchukuliwa kama sehemu ya samani. Insha hii inamrejesha yeye katikati. Hoja inayojengwa ni kwamba kiti anachokalia mwanafunzi huyu hakikuletwa kizima kutoka Geneva wala New York. Kimechongwa kwa mbao za aina tatu: kanuni za mabaraza ya Kimarekani, desturi ya vyama vya midahalo, na nidhamu ya shule. Matokeo yake ni mawili. Kwanza, katika jambo moja la msingi mwanafunzi huyo amekuwa na mamlaka makubwa kuliko Rais wa Baraza Kuu lenyewe. Pili, ukumbi anaouongoza kwa kawaida hauna nafasi ya msemaji aliyekuwa na uzito wa pekee katika historia ya Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa, yaani mlalamikaji asiye na dola.

Geneva ya kuigiza

Shirikisho la Mataifa lilianza rasmi tarehe 10 Januari 1920, na Baraza lake Kuu likakutana Geneva kwa mara ya kwanza mwezi Novemba mwaka huo chini ya urais wa Paul Hymans wa Ubelgiji. Marekani haikuwamo. Seneti yake ilikuwa imeukataa Mkataba wa Versailles mwezi Novemba 1919, ikaukataa tena Machi 1920, ingawa Rais Woodrow Wilson ndiye aliyekuwa mpigania mkuu wa Shirikisho hilo. Ni jambo la kutafakari kwamba uigizaji wa Shirikisho ulistawi zaidi katika nchi hiyo hiyo iliyobaki nje. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wanafunzi wa Oxford, na baada yao wa Harvard, walifanya mabaraza ya kuiga yale ya Geneva. Mwaka 1927 Chuo Kikuu cha Syracuse, jimboni New York, kikawa mwenyeji wa mkutano uliowakusanya wanafunzi wa vyuo mbalimbali. Kwa mwanafunzi wa Kimarekani, kukaa katika kiti cha nchi mwanachama kulikuwa ni kukaa mahali ambapo serikali yake ilikataa kukaa. Kwa hiyo mchezo huo, tangu mwanzo, haukuwa mchezo mtupu. Ulikuwa na chembe ya utetezi ndani yake.

Kuiongoza Geneva hiyo ya kuigiza kulikuwa na ugumu wake. Ibara ya 5 ya Mkataba wa Shirikisho ilitaka maamuzi yafikiwe kwa ridhaa ya wanachama wote waliohudhuria kikao, isipokuwa mambo ya utaratibu na mengine machache yaliyotajwa. Nchi moja ilitosha kuzuia. Chini ya kanuni ya namna hiyo, kazi kubwa ya mwenyekiti hufanyika kabla ya kura: kutafuta maneno ambayo hakuna atakayeyakataa. Kazi hiyo haionekani, haina shangwe, na ni vigumu kuiigiza kwa siku mbili mbele ya hadhira. Ilikuwa rahisi zaidi kuigiza hotuba na kuhesabu mikono.

Tanganyika ilikuwamo katika Geneva halisi, lakini kama mada. Uingereza ilikabidhiwa kuitawala chini ya usimamizi wa Shirikisho, na masharti yake yakathibitishwa Julai 1922. Ruanda-Urundi ikawekwa mikononi mwa Ubelgiji. Ibara ya 22 ilieleza wenyeji wa nchi za aina hiyo kuwa ni watu wasioweza bado kusimama wenyewe. Kila mwaka watawala walipeleka taarifa, na Kamisheni ya Kudumu iliyoshughulikia maeneo hayo iliwahoji wawakilishi wao. Mwenyeji aliyekuwa na malalamiko aliweza kuyaandika, ila ilimbidi ayapitishe kwa serikali ile ile aliyokuwa akiilalamikia, na Kamisheni haikukubali kumsikiliza ana kwa ana. Mwanafunzi aliyeiiga Geneva kwa uaminifu kamili hakuwa, basi, na kiti cha kumpa mtu wa Tanganyika. Kosa hilo halikuwa lake. Lakini, kama itakavyoonekana, mkutano wa kuigiza uliendelea kukikosa kiti hicho hata baada ya mkutano halisi kukiweka.

Nyundo ilikotoka

Shirikisho lilivunjwa Aprili 1946, na mabaraza ya kuigiza yakahamia Umoja wa Mataifa. Mkutano wa Berkeley ulianza mwaka 1952 na ule wa Harvard unaojulikana hadi leo mwaka 1955. Mwaka 1968 The Hague ikawa na wake, uliowalenga wanafunzi wa sekondari na kuwapa vijana hao uongozi wa kamati. Mikutano iliongezeka, nayo nyundo ikapita mikononi mwa vizazi vya wanafunzi. Swali ni kanuni zipi walizishika pamoja na nyundo hiyo.

Sehemu kubwa ya kanuni hizo, hususan katika mikutano ya Kimarekani, inatokana na kitabu cha Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863 Robert alitakiwa kuongoza mkutano wa kanisani huko New Bedford, akashindwa kuudhibiti, akatoka akiwa ameazimia kujifunza namna mabaraza yanavyoendeshwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Kilikuwa mwongozo wa vyama, makanisa na jumuiya za kiraia, mahali ambapo wanachama ni watu binafsi, kila mmoja ana kura moja, na walio wengi wanayo haki ya kuamua na kuendelea na shughuli nyingine. Hakikuandikwa kwa ajili ya dola ambazo, zikishindwa kwa kura, zinaweza kurudi nyumbani na kulipuuza azimio.

Mkondo wa pili ni ule wa vyama vya midahalo. Vile vya Cambridge na Oxford vilikuwa vimekwisha kuwa na umri wa karne moja hivi Shirikisho lilipoundwa. Humo mjadala una pande mbili na mshindi mmoja. Tarehe 9 Februari 1933 chama cha Oxford kiliamua, kwa kura 275 dhidi ya 153, kwamba wanachama wake hawangepigana kwa ajili ya mfalme na nchi yao, na habari hizo zikazua ghadhabu kubwa Uingereza. Kura ile haikumfunga mtu yeyote. Iligusa watu kwa sababu ilihesabiwa na kutangazwa. Mikutano ya kuigiza diplomasia ilirithi mvuto huo wa kura inayotangazwa, na mingi ikaongeza tuzo kwa mjumbe bora. Mkutano wa The Hague umejitofautisha hapa kwa kutotoa tuzo.

Mkondo wa tatu, ambao haupewi uzito unaostahili, ni shule. Ili kuuona yafaa kulinganisha kanuni. Kanuni ya 35 ya Baraza Kuu inampa Rais mamlaka ya kuongoza majadiliano, kutoa ruhusa ya kusema na kuamua hoja za utaratibu. Kanuni ya 36 inafuatia mara moja kwa kueleza kwamba Rais, katika kutekeleza kazi zake, yuko chini ya mamlaka ya Baraza. Kanuni ya 71 inaonyesha maana ya jambo hilo kwa vitendo: mjumbe asiyeridhika na uamuzi wa Rais juu ya hoja ya utaratibu anaweza kuukatia rufaa, rufaa hiyo hupigiwa kura papo hapo, na uamuzi wa Rais husimama tu ikiwa walio wengi hawakuutengua. Hata Robert aliruhusu rufaa ya namna hiyo, mradi ipate wa kuiunga mkono. Kinyume chake, vitabu vya kanuni vya mikutano mingi ya wanafunzi vinatamka kwamba uamuzi wa mwenyekiti ni wa mwisho, au vinaorodhesha maamuzi yasiyoruhusiwa kukatiwa rufaa.

Sharti hilo halikutoka New York, wala halikutoka kwa Robert. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba limetoka darasani. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi arobaini ukumbini kwa siku tatu anahitaji kikao kiishe kwa wakati, kisitekwe na mjanja mmoja aliyezikariri kanuni, na kisimwaibishe kijana wa miaka kumi na saba aliyeketi mbele. Sababu hizo ni za haki. Lakini zimemfanya mwenyekiti awe kiranja. Wajumbe wanajifunza kumtii, nao wenyeviti wanajifunza kutiiwa, katika zoezi linalodaiwa kufundisha mahusiano ya dola zilizo sawa.

Mlalamikaji asiye na kiti

Wakati mikutano ya kuigiza ilipokuwa ikijijenga upya Marekani, watu wa Tanganyika walikuwa wakiingia katika ukumbi halisi kwa mlango ambao wanafunzi hawakuuiga. Tanganyika sasa ilikuwa chini ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Ibara ya 87 ya Mkataba iliruhusu malalamiko yapokewe na kuchunguzwa, na wajumbe wa ukaguzi watumwe nchini. Tofauti na enzi ya Shirikisho, mlalamikaji aliweza kusikilizwa kwa mdomo.

Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru katika ardhi yao ya Engare Nanyuki, takribani watu 3,000, ili kuwapisha wafugaji wa Kizungu. Wameru walilipeleka suala hilo Umoja wa Mataifa. Mwanasheria Earle Seaton alilitetea, naye Kirilo Japhet akasafiri hadi New York na kuzungumza mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu mwaka 1952. Kamati iliunga mkono rasimu iliyowaelekea Wameru. Katika kikao cha Baraza Kuu lenyewe, ambako masuala ya udhamini yanahitaji theluthi mbili ya kura kwa mujibu wa Ibara ya 18, rasimu hiyo ilikwama. Watu wale hawakurudishiwa ardhi yao na Umoja wa Mataifa. Hata hivyo, safari ya Kirilo ilionyesha Tanganyika nzima kwamba serikali ya kikoloni ingeweza kushtakiwa mbele ya dunia, na fundisho hilo lilikuwa na manufaa makubwa kuliko azimio lililoanguka.

Tarehe 7 Machi 1955 Julius Nyerere, akiwa Rais wa chama cha TANU ambacho hakikuwa kimetimiza mwaka mmoja, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini. Wajumbe wa ukaguzi wa mwaka 1954 walikuwa wamependekeza kwamba Tanganyika ingeweza kujitawala ndani ya miaka 20 hadi 25, pendekezo ambalo Uingereza haikulipenda. Nyerere hakuwa na kura. Hakuwa na bango la nchi mbele yake. Alizungumza kwa ruhusa ya kiti, akaulizwa maswali, akayajibu, akaondoka. Alirudi New York mwaka 1956, safari hii mbele ya Kamati ya Nne. Ukumbini kulikuwa na dola nyingi zenye haki ya kusema bila kuomba. Aliyelazimika kuomba ndiye aliyekuwa na habari.

Katika mkutano wa kuigiza wa kawaida, Nyerere wa 1955 hana pa kukaa. Kila mshiriki hupewa nchi, na anayekosa nchi huwa mwandishi wa habari, mtumishi wa sekretarieti au mtazamaji. Mikutano michache imewahi kualika mashirika yasiyo ya kiserikali, lakini umbo la msingi limebaki lile lile: anayesema ni dola. Upungufu huu si wa bahati mbaya. Mjadala wa pande mbili humhitaji mpinzani mwenye kura, naye mlalamikaji hana kura ya kushindania. Pia mwenyekiti mwanafunzi hafundishwi kazi iliyokuwa nyeti kuliko zote katika Baraza la Udhamini na Kamati ya Nne, yaani kuamua kama mtu asiye mwanachama asikilizwe, na kumlinda anaposikilizwa.

Salim Ahmed Salim na kura zaidi ya mia moja na hamsini

Tanganyika ilijiunga na Umoja wa Mataifa tarehe 14 Desemba 1961. Zanzibar na Kenya zikaingia pamoja tarehe 16 Desemba 1963. Septemba 1979 Mtanzania alichaguliwa kuwa Rais wa Kikao cha 34 cha Baraza Kuu. Salim Ahmed Salim alikuwa na umri wa miaka 37. Malezi yake ya uongozi yalianzia kwenye siasa za wanafunzi wa Zanzibar, ambako mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa waasisi wa umoja wao. Mwaka 1964, akiwa na miaka 22, alikuwa balozi Cairo. Kwa miaka mingi ya utumishi wake New York aliongoza pia Kamati Maalumu ya kuondoa ukoloni, kamati iliyowasikiliza walalamikaji kama wale waliotoka Meru na Dar es Salaam miaka ya nyuma.

Kikao hicho cha 34 kinafaa kuwekwa mbele ya kila mwanafunzi anayedhani kuwa kuongoza mjadala ni kugonga nyundo. Kiti kimoja cha Amerika ya Kusini na Karibi katika Baraza la Usalama kiligombewa na Cuba na Colombia. Theluthi mbili ilihitajika, na hakuna aliyeipata. Kura zilipigwa tena na tena, wiki baada ya wiki, hadi zikavuka 150. Rais hakuwa na uwezo wa kumtangaza mshindi, kufunga mjadala kwa sababu ya muda, wala kuwaamuru wagombea wajitoe. Aliitisha kura, akasoma matokeo yasiyo na mshindi, akaitisha tena, huku mashauriano yakiendelea nje ya ukumbi. Mwezi Januari 1980 wagombea wote wawili walijiondoa na Mexico ikachaguliwa. Siku chache baadaye Rais huyo huyo aliongoza kikao cha dharura kuhusu Afghanistan.

Kwa kipimo cha mkutano wa wanafunzi, miezi ile ingehesabiwa kuwa kushindwa kwa mwenyekiti. Kwa kipimo cha Kanuni ya 36 ilikuwa kazi yenyewe.

Marekebisho, na ukumbi wa Gigiri

Umoja wa Mataifa wenyewe ulichelewa kuingilia jambo hili. Kati ya 2009 na 2011 idara yake ya habari iliandaa mikutano ya kuigiza ya kimataifa huko Geneva, Kuala Lumpur na Incheon, ikijaribu kuzisogeza kanuni karibu na zile halisi. Mwaka 2020 ikatolewa mwongozo wa waandaaji. Lawama kuu iliyomo katika juhudi hizo ni kwamba wanafunzi hupiga kura mno. Maazimio mengi ya Baraza Kuu hupitishwa kwa maafikiano bila kura, na mazungumzo yanayozaa maafikiano hayo huongozwa na watu wasioonekana jukwaani. Marekebisho haya ni ya maana. Hata hivyo yamemrekebisha mjumbe zaidi kuliko mwenyekiti, na mlalamikaji hayakumrejesha hata kidogo.

Afrika Mashariki ina bahati ambayo kanda nyingi hazina. Umoja wa Mataifa una makao Gigiri, Nairobi, baada ya shirika lake la mazingira kuwekwa Kenya kufuatia azimio la mwaka 1972, na wanafunzi wa sekondari wa kanda hii wamekuwa wakifanyia mkutano wao wa kuigiza katika kumbi hizo hizo. Kijana huketi katika kiti halisi cha mwenyekiti, mbele ya vibanda halisi vya wakalimani. Shughuli huendeshwa kwa Kiingereza.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, jambo hilo lina ajabu yake, kwani Kiswahili kinayo tayari lugha kamili ya kuongozea mjadala. Bunge la Tanzania huiendesha kila siku: mbunge hutoa hoja, mwingine huafiki, wa tatu husimama kuhusu utaratibu, wa nne huomba kumpa mwenzake taarifa, na Spika, baada ya kusikiliza sauti za pande zote, hutamka kwamba waliosema ndiyo wameshinda. Wengi wa wanafunzi hao wameyasikia maneno hayo redioni kabla hawajajua maana yake. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao, katika Ibara ya 137, ulikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kukuzwa kwa ajili ya mawasiliano ya watu wa kanda. Si kwamba kila kitu katika desturi ya Bunge kinafaa kuigwa ukumbini. Uamuzi wa Spika haupigiwi kura papo hapo kama ule wa Rais wa Baraza Kuu; mbunge asiyeridhika huwasilisha sababu zake kwa maandishi kwa Katibu wa Bunge. Lakini njia ya kutoridhika ipo, imeandikwa, na ina jina. Mbunge pia anayo nafasi ya kusimama na kuomba mwongozo wa Spika, ambapo kiti hutakiwa kueleza, si kuamuru tu. Kwa mwanafunzi anayejiandaa kwenda Gigiri, kanuni hizo mbili, pamoja na Kanuni ya 71, zinaweza kujadiliwa shuleni kwa alasiri moja, kwa lugha anayoitumia nyumbani, kabla hajakabidhiwa nyundo.